Pesa, Hela na Senti: Hesabu Zetu Tangu Daftari la Dukani Hadi Kompyuta



Ukiingia leo katika maduka ya jumla ya hapa Morogoro mjini, daftari lile refu la zamani, lenye mistari myekundu na karatasi zilizogeuka rangi kwa vumbi la unga, huenda usilione tena. Utamwona kijana amekaa mbele ya kompyuta, aandika jina la mteja, aandika magunia, na mara jumla imetoka. Mteja akisema, "Mwanangu, mbona hesabu hii yanizidi?" hujibiwa kwamba mashine haikosei. Jambo hili la kusema mashine haikosei ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mashine hufanya lile iliyoamrishwa na aliyeitunga, na aliyeitunga ni mwanadamu, tena mara nyingi ni mwanadamu wa nchi nyingine asiyejua shilingi yetu wala gunia letu. Haki za watu zimo humo ndani, na katika Qur'ani Tukufu aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni. Basi yafaa tutazame namna wazee wetu walivyoandika na kuhesabu mali, na namna kompyuta inavyofanya, tuone wapi pana khatari.

Tuanze na maneno tuliyonayo vinywani. Twasema "pesa", na neno hili limetoka Bara Hindi, ni ile paisa iliyokuwa sehemu ndogo ya rupia. Ndugu zetu wa Oman huiita baisa mpaka leo. Twasema "hela", na hiyo ni Heller, sarafu ya Wajerumani. Twasema "fedha", na hiyo ni madini yenyewe. Na waliokula chumvi wakumbuka senti 50 ikiitwa "thumuni". Thumuni kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Vijana huniuliza, vipi senti 50 iwe sehemu ya nane ya shilingi, na ilhali ni nusu yake? Jawabu ni kuwa haikuwa thumuni ya shilingi, bali ya riale. Riale ilikuwa zaidi kidogo ya rupia 2, rupia ikaja kuhesabiwa shilingi 2, na sehemu ya nane ya shilingi 4 ni senti 50. Hivyo watoto wa miaka ya 1970 walikuwa wakinunulia kashata kwa jina la sarafu ambayo baba zao hawakuishika.

Riale yenyewe ilikuwa ile ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Hata baada ya kufa kwake iliendelea kupigwa kwa tarikhi ile ile ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu waliizoea na hawakutaka nyingine. Pamoja nayo ikazunguka rupia ya India. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na kila anna pesa 4, jumla pesa 64. Mwaka 1882, Sayyid Barghash bin Said alipopiga sarafu zake za Zanzibar, riale ilihesabiwa pesa 136. Hesabu hiyo si ya kubahatisha. Rupia 2 ni pesa 128, ongeza anna 2 ambazo ni pesa 8, ndiyo 136.

Sasa tazama mwenye duka alivyofanya. Chukua mfano mtu ameuza karafuu frasila 7, kila frasila riale 3 na robo, naye ataka kulipwa kwa rupia. Riale zake ni 22 na robo tatu. Mwenye duka mzoefu hakuhangaika na robo na thumuni mpaka mwisho. Aliteremsha kila kitu mpaka sarafu ndogo kabisa: riale 22 ni pesa 2,992, robo tatu ni pesa 102, jumla pesa 3,094. Kisha akapanda ngazi kurudi juu: 3,094 ukigawa kwa 64 ni rupia 48, zabaki pesa 22, nazo ni anna 5 na pesa 2. Hakuna kilichopotea wala kilichoongezeka, kwa kuwa hesabu ilikuwa ya vitu vizima tangu mwanzo mpaka mwisho. Tafadhali lishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Huku bara sarafu ilichelewa. Mwaka 1871 Mwingereza Henry Stanley alipopita hapa akimtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene chini ya milima ya Uluguru, mji uliojengwa na Kisabengo, na wakati huo ukitawaliwa na binti yake. Mali aliyokuja nayo Stanley ilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo ilihesabiwa kwa shuka na doti: shuka mikono 4, doti shuka 2. Hongo ilidaiwa kwa doti. Waya ulipimwa kwa frasila. Shanga zilikuwa na majina yake na rangi zake, na zile zilizopendwa na watu wa nchi moja hazikuwa na thamani kwa watu wa nchi ya pili. Aliyeandika hesabu ya msafara hakuweza kuandika "30" akanyamaza. Thelathini za nini? Doti za merikani au za kaniki? Wala hakuweza kujumlisha doti 30 na frasila 5 akapata 35. Kila kitu kilikaa katika safu yake, na kilivuka kwenda safu nyingine kwa bei iliyojulikana, ya mahali panapojulikana na siku inayojulikana.

Leo watungaji wa programu za hesabu wamefika pale pale. Programu iliyotungwa vizuri haihifadhi namba peke yake. Huhifadhi namba pamoja na jina la kitu chake, shilingi au dola au kilo za mchele, na hukataa kujumlisha vitu viwili vyenye majina mbali mbali mpaka uipe bei ya siku. Nimeona programu isiyo na adabu hiyo katika duka la mtu mmoja hapa mjini. Ilijumlisha deni la dola na la shilingi kama vile watoto wa tumbo moja.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na Wajerumani walikuwa wamekwisha kugeuza sarafu. Rupia yao mwanzoni iligawanywa pesa 64 kama ya India. Mwaka 1904 wakaifanya hela 100. Kwao ilikuwa wepesi, kwani Ulaya ilikwisha kuzoea kuhesabu kwa kumi. Lakini fikiri kidogo. Pesa 16 zilikuwa robo ya rupia, na robo ya rupia sasa ni hela 25. Hapo pamesawazika. Lakini pesa moja? Ni hela 1.5625. Walipiga hela nzima na hela nusu, basi mtu angeweza kutoa hela moja na nusu, lakini ile 0.0625 haikuwa na sarafu yake. Nani aichukue? Mwenye kununua chumvi ya pesa moja hana nguvu ya kuidai. Katika pesa 100 za namna hiyo ni hela 6 na robo. Kila mara sarafu inapogeuzwa au hesabu inapohamishwa kutoka mizani moja kwenda nyingine, pana makombo yanayoanguka chini ya meza, na nimeona kuwa mara nyingi yaokotwa na mwenye meza.

Wakati wa Waingereza yalitokea makubwa zaidi ya makombo. Rupia kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliifunga rupia ya Afrika Mashariki kwenye shilingi 2 za Kiingereza, kisha ikaja florini, na mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, shilingi 2 kwa florini moja. Mtu aliyekopa rupia 1,000 wakati rupia ni shilingi 1 na peni 4 alikuwa na deni la kama pauni 67. Baada ya hapo deni lake likasomeka pauni 100, naye hakukopa hata anna ya ziada. Namba katika daftari ilikuwa ile ile, 1,000, lakini kitu kilichotajwa na namba kimegeuka. Zanzibar ilibaki na rupia yake mpaka mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Na Tanzania ikapata shilingi yake tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ilipofungua milango, ikiwa na sarafu za senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mwenge. Dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 7 na senti 14. Leo ni zaidi ya shilingi 2,000, na sungura na mbuni tumewasahau. Ndani ya vitabu vya hesabu tu ndimo senti zinamoishi.

Sasa tuingie kwenye kompyuta.

Sisi twahesabu kwa kumi, kwa kuwa tuna vidole 10. Kompyuta haina vidole. Ina swichi, nayo ama imewashwa ama imezimwa. Kwa hiyo yahesabu kwa mbili. Ikitaka kuandika sehemu ya kitu kizima huandika nusu, robo, thumuni, sehemu ya 16, ya 32, ya 64, na kuendelea. Je, ngazi hii huitambui? Ni ya rupia! Nusu, robo, thumuni, anna, nusu anna, pesa. Laiti tungebaki na rupia ya pesa 64, kompyuta ingeihesabu bila kukosa hata chembe. Lakini senti 10 ni sehemu ya kumi ya shilingi. Mwambie mwenye duka wa zamani akupe sehemu ya kumi ya rupia kwa pesa: ni pesa 6 na kitu. Avunje pesa kwa nusu, na nusu kwa nusu, na hiyo tena kwa nusu; atavunja mpaka kiyama, hatafika penyewe. Kompyuta nayo huvunja mpaka nafasi yake ya kuandikia ishe, kisha huacha. Ndiyo maana ukiamrisha programu nyingi zijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia yao ya kawaida, hazitoi 0.3. Hutoa 0.30000000000000004.

Utasema, ni tone hilo, nani atalidai? Nakupa visa viwili vya kweli. Soko la hisa la Vancouver, huko Canada, lilianza mwaka 1982 kuhesabu kipimo chake cha bei kikiwa 1,000. Kila biashara ilipofanyika kompyuta ilikokotoa upya, nayo haikusawazisha tarakimu za mwisho, ilizikata tu na kuzitupa. Mwezi Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka 524 na kitu. Walipokaa wakahesabu kwa haki, kilikuwa 1,098 na kitu. Nusu na zaidi ilikuwa imeliwa na makombo. Kisa cha pili ni kizito. Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran katika Saudi Arabia, mtambo wa kutungulia makombora ulishindwa kulizuia kombora la Iraq, na askari 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi, kama tulivyoona, haiandikiki kwa mbili. Baada ya saa kama 100 za kufanya kazi mfululizo, saa yake ilikuwa imekosea kiasi cha theluthi moja ya sekunde.

Dawa yake ni nini? Ni ile ile ya mwenye duka wa karafuu. Teremsha kila kitu mpaka sarafu ndogo kabisa, uhesabu vitu vizima, kisha upande kurudi juu. Programu njema haihifadhi shilingi 1,250.75, huhifadhi senti 125,075, na nukta huiweka wakati wa kuchapa risiti tu. Njia nyingine ni kuilazimisha kompyuta ihesabu kwa kumi kama sisi, na lugha ya COBOL, iliyotungwa mwaka 1959 kwa kazi za biashara, ilikuwa na njia hiyo tangu mwanzo.

Lakini dawa nayo yataka kujua umri wa mgonjwa. Programu za kizamani zilikuwa na chumba cha namba kisichopokea zaidi ya 2,147,483,647. Ukihesabu kwa senti, hiyo ni 21,474,836.47. Kwa dola ni utajiri mkubwa, mtungaji wa Marekani hakuona shida. Kwa shilingi yetu ni bei ya gari lililotumika. Duka la nafaka hapa Morogoro laweza kuvuka kiwango hicho katika mauzo ya wiki chache, na namba ikivuka, chumba kikifurika, hesabu yaweza kugeuka ikawa ya upande wa hasara. Siku hizi vyumba vimepanuliwa sana, lakini programu kuukuu bado zapita mkono kwa mkono.

Na sarafu ndogo si sawa kila mahali. Shilingi yetu na ya Kenya zahesabiwa kuwa na senti 100. Shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi huandikwa bila senti. Rial ya Oman ina baisa 1,000. Wako wengi katika nyumba za pwani wanaopokea fedha kutoka Muscat. Rial 12 na baisa 345 ni baisa 12,345. Programu inayodhani dunia nzima ina senti 100 itaisoma 123.45, mara kumi ya haki yake, au itakata tarakimu ya mwisho na kula baisa 5.

Tuje kwenye mirathi, maana hapa ndipo watu hufika mlangoni kwangu. Mtu amefariki, ameacha mke na watoto wa kiume watatu, na baada ya madeni na wasia zimebaki shilingi 10,000,000. Mke ana thumuni, 1,250,000. Watoto wana 8,750,000 kwa watatu, nayo haigawiki: kila mmoja 2,916,666 na theluthi mbili. Kompyuta ikisawazisha itampa kila mmoja 2,916,667, na jumla ya wote itakuwa 10,000,001. Shilingi moja imezaliwa isiyo na baba. Ikikata, zitabaki shilingi 2 zisizo na mwenyewe. Nani mwenye haki ya kuumba mali au kuipoteza?

Wanavyuoni wetu walilimaliza jambo hili zamani. Hawakuanza na fedha; walianza na mafungu. Msingi wa masuala haya ni 8, na kwa kuwa mafungu 7 hayagawiki kwa watu 3, husahihishwa yakawa 24: mke 3, na kila mtoto 7. Hayo ni mafungu mazima, yajumlika sawasawa, na yanaweza kukaa hata miaka ikiwa mali ni shamba lisilouzwa. Fedha huja mwisho, na kombo la shilingi 2 warithi hukubaliana wenyewe. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alipoandika kitabu chake cha aljebra, sehemu kubwa aliitia katika wasia na mirathi. Na jina lake ndilo Wazungu walilolipa kila utaratibu wa hesabu unaofuatwa na kompyuta. Iko leo programu ya uhasibu iitwayo GnuCash, ya bure, ambayo huhifadhi kiasi kwa namba mbili nzima, ya juu na ya chini, kama vile 7 juu ya 24. Aliyesoma faraidhi akiiona hatashangaa.

Kodi nayo ina makombo yake. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kwetu mwaka 1998, na kwa miaka mingi imekuwa asilimia 18. Kitu kilichouzwa 1,000 pamoja na kodi, kodi yake ni 152.54. Vitu vitatu, ukihesabu kodi ya kila kimoja kisha ukajumlisha, wapata 457.62, ukihesabu kwa 3,000 kwa pamoja wapata 457.63. Zote mbili ni hesabu halali. Ubaya huja pale risiti inapofuata njia moja na daftari la mwisho wa mwezi njia nyingine, kisha mhasibu, huenda kijana aliyesoma hapo Mzumbe, akakesha akitafuta mwizi asiyekuwapo.

Lakini mimi naona dhuluma kubwa haimo katika fedha. Imo katika bidhaa. Frasila yenyewe wengine waliihesabu ratili 35, wengine 36. Ratili moja ni karibu nusu kilo, na katika frasila 100 tofauti ni kilo 45. Leo frasila imekwenda, tumebaki na gunia. Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, waone wakulima walioteremka kutoka Uluguru. Gunia ni kilo ngapi? Sheria yasema gunia lisizidi kilo 100, na mazao yauzwe kwa mizani. Lakini mnunuzi hushona kilemba juu ya gunia, likawa lumbesa, akalipa bei ya gunia moja. Anapofika stoo huuza kwa kilo. Kompyuta yake imeandika: yameingia magunia 10. Kisha yaandika: zimetoka kilo 1,300. Mashine haikuuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyeiambia gunia ni kilo ngapi, na ile tofauti huonekana katika safu ya faida. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Mwanamke wa Matombo aliyebeba iliki yake kichwani hana programu, ana macho yake na mizani ya mtu mwingine.

Basi wewe unayetaka kununua programu kwa duka lako au kwa mali ya mayatima uliyokabidhiwa, usitazame rangi za kioo. Kaa na muuzaji, mwambie aandike deni la 0.1 na jingine la 0.2, akitoa 0.3 aidha wa bei, asipotoa mwache. Mwambie agawe 10,000,000 kwa mke na watoto watatu, kisha ajumlishe mafungu mbele yako. Mwambie aandike mauzo ya shilingi 30,000,000 katika mstari mmoja. Mwambie ajumlishe kilo na gunia, na utazame kama mashine itakataa au itanyamaza.